Mzigo Uliolazwa Butini

Gari lilikuwa limekaa vibaya tangu lilipoingia uani kwa Shomari. Mbele limeinuka, nyuma limechuchumaa, bampa karibu lilambe mchanga. Mtu yeyote mwenye macho angesema buti limejaa, simenti labda, au magunia ya karanga. Lakini dereva, mtu wa Nzega aitwaye Silasi, aliposhuka na kuulizwa amebeba nini, alijibu huku akitazama ndala zake.

"Mzigo mmoja tu, fundi. Mdogo. Buti limegoma kufunguka, na bosi anautaka mzigo wake."

"Mdogo wa kulikalisha gari hivi?"

"Springi zimechoka."

Springi! Gari jeupe la ofisi, halijamaliza mwaka tangu lishushwe kwenye treni, springi zichoshwe na nini? Hapo ndipo Shomari alipotakiwa kusema, ndugu yangu, geuza gari lako uende zako. Hakusema. Ninyi hamkumjua Shomari Mabruki. Mtaa mzima wa Ng'ambo, hapa Tabora, hapakuwa na kufuli lililomshinda, na hilo alilijua kupita kiasi. Makasha ya kale yenye kengele ndani, sefu zilizoachwa na matajiri waliohama na funguo zao, makabati ya shule, vyote vilimfungukia. Alikuwa akijitapa kwamba akipewa waya na dakika tano za kimya atafungua hata mdomo wa mkwewe. Tulicheka sana na maneno yale, na kucheka kwetu ndiko kulikomharibu.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, mvua ilikuwa imetunyima, na asubuhi tulipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa manjano ulionuka ghala. Kazi ya kufuli ilikuwa haba, maana watu hawakuwa na cha kufungia. Shomari akaona gari, akaona sifa, akachukua mkoba wake wa vyuma.

Alipoinama nyuma ya gari alisita kidogo. Palikuwa na harufu. Ngozi ya mnyama iliyokauka miaka mingi, samli iliyochacha, na juu ya yote jasho la mwanamume aliyetembea siku nyingi bila kuoga. Kuku wake, waliozoea kulala chini ya kila gari lililoletwa pale, walikuwa wamejikunyata ukutani upande wa pili wa ua.

Njia ya kwanza ya kufungua buti ni ufunguo wake wenyewe, na watu wengi wanaikosea. Wanageuza na kuvuta. Fundi anageuza, anakandamiza kifuniko chini kwa goti mpaka ulimi wa kufuli ulegee, halafu ndipo anaachia. Shomari akafanya hivyo. Kifuniko kikainuka chenyewe taratibu, na pamoja nacho nyuma ya gari ikainuka, polepole, mpaka gari likakaa sawasawa kama gari la mtu mwingine.

Ndani palikuwa na tairi la akiba na jeki. Basi.

"Haya, mzigo wako huo," Shomari akacheka. "Umeibiwa, ndugu."

Silasi hakucheka. Alikaa chini palepale mchangani, mtu mzima na shati la kazi, mikono juu ya kichwa.

"Niliuweka humu kwa mikono yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Juzi tulikuwa njia ya zamani ya Ujiji, tunahamisha watu. Pana kambi ya misafara ya enzi za mababu. Tukaukuta mzigo umeegemezwa kwenye mninga. Umefungwa kwa ngozi na kamba za magome, una mti wake wa panda wa kuuegemezea, kama wapagazi walivyokuwa wanafunga. Wenyeji wakatuomba tusiuguse. Wakasema haujawahi kulazwa chini tangu kabla ya Mjerumani. Kila masika wanauhamisha mti huu hadi mti ule, wanaubeba watu wanne. Bosi akawaambia wanabembeleza furushi wakati nchi inajengwa. Akaniambia nitupe butini."

"Ukatupa."

"Niliuinua peke yangu, fundi. Ulikuwa mwepesi kama mto wa pamba. Tulipofika nusu ya njia ndipo gari likaanza kukaa."

Shomari, ili amwonyeshe kwamba hayo ni maneno ya watu wa porini, akashika kifuniko akakibamiza. Gari likashuka nyuma. Bampa likarudi mchangani pale pale lilipokuwa. Kisha ndani ya buti tupu, lile ambalo wote wawili walikuwa wameliona kwa macho yao mchana kweupe, pakagongwa mara tatu, bila haraka.

"Usiitike," Silasi akanong'ona. Alikuwa tayari amesimama. "Tangu jana anagonga. Wewe usiitike tu, atachoka mwenyewe."

Akasema anakwenda kumwita bosi. Akatoka kwa mguu, akaliacha gari na ufunguo, na siku hiyo hakurudi.

Sasa sikilizeni kosa lilikokuwa, maana hata leo likinijia nasikia hasira. Mtu ameambiwa usiitike. Amesikia kwa masikio yake. Ana mke ndani, ana mtoto anayerudi kutoka shule saa sita. Si amwambie mkewe? Hakumwambia. Aliona haya. Fundi Shomari aende jikoni akamwambie mwanamke kwamba anaogopa buti la gari? Akanawa mikono, akavaa kofia, akaenda msikitini kuswali adhuhuri kama mtu asiye na neno moyoni.

Mkewe, Mwanajuma, alikuwa kwenye mlango wa uani anachekecha yanga. Mwanamke mpole, mrefu, asiyependa maneno ya watu. Alikuwa amezika watoto watatu kabla ya kumpata Zamda, na huyo Zamda, miaka saba, darasa la kwanza, ndiye pekee aliyebaki. Alimlea kwa adabu mpaka tukawa tunamtania kwamba anamtayarishia uwaziri. Zamda hakupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo. Na hakupita mbele ya mtu mwenye mzigo bila kusema, nikutue?

Mwanajuma akamsikia mtoto akiingia uani, ndala zikipiga. Akamsikia akisimama nyuma ya gari.

"Shikamoo," Zamda akasema.

Mwanajuma akainua macho. Hapakuwa na mtu. Mtoto, mkoba wa shule mgongoni, na gari.

"Marahaba, mwanangu," ikajibu sauti ya mwanamume aliyekaukiwa koo. "Mwanangu, shingo inaniuma. Nitue."

Na mtoto wa Tabora, hata awe wa mjini, hata awe amehitimu juzuu tatu, ukimwambia nitue haulizi wewe ni nani. Mababu zetu walivuka nchi hii na mizigo vichwani kwenda na kurudi, na mtu aliyekataa kumtua mwenzake hakuitwa mtu. Zamda akanyanyuka kwa vidole vya miguu, akanyoosha mikono yote miwili juu, hivi, kama unavyopokea mzigo kichwani mwa mtu aliyekuzidi kimo.

Mwanajuma alipofumba na kufumbua, pale nyuma ya gari palikuwa na ndala mbili, zimekaa sawasawa kama zilizovuliwa mlangoni.

"Mama," Zamda akaita kutoka ndani ya buti. "Mama, mbona giza?"

Yowe alilopiga tulilisikia hadi barabara ya sokoni. Shomari alirudi akikimbia, kofia imeanguka njiani, na alipomsikia mwanawe ndani hakuuliza kitu. Aligeuza ufunguo, akakandamiza kwa goti, akaachia. Kifuniko kikainuka. Tairi na jeki. Sauti ikakatika kama redio iliyozimwa. Akaingiza kichwa, akapapasa kila pembe, akalitoa tairi akalitupa uani, akafunua mkeka wa chini mpaka kwenye bati. Hakuna mtoto.

"Funga," Mwanajuma akanong'ona. "Baba Zamda, funga kidogo."

Akafunga.

"Baba," akasema Zamda ndani. "Mbona mnaniacha?"

Basi hapo ndipo fundi Shomari alipotumia njia zote alizozijua, na tuliokuwa tumejaa kwenye ua ule tulitazama tu, tumeshika vinywa. Alifungua taa ndogo ya namba, akapitisha waya wenye ndoano kwenye tundu lake, akauvuta ulimi wa kufuli kwa ndani, akidhani labda ufunguo ndio wenye laana. Buti likafunguka, tupu. Akafunga, mtoto akalia. Akazigonga pini za bawaba kwa msumari butu mpaka zikatoka, akainua kifuniko kwa upande wa juu, kinyume, ambako hakuna mtu anayefungulia, tupu. Akakirudisha, mtoto akakohoa, akasema kuna vumbi, akasema wanatembea sana. "Mnatembea na nani?" Mwanajuma akauliza, mdomo kwenye bati. Pumzi zilizosikika ndani zilikuwa za watu wawili.

Njia ya nne ni ya kupitia ndani ya gari. Ung'oe kiti cha nyuma, utoboe ubao ulio mgongoni mwake, uingize mkono. Shomari alikwishaona kwamba penye mwanga mtoto hayupo, kwa hiyo akaomba mablanketi, akaziba vioo vyote vya gari, akalala kifudifudi kwenye giza lile na joto lile la mchana, akatoboa tundu la kupitisha mkono hadi begani, akaingiza mkono wake butini, na mkono mdogo wenye jasho ukamshika vidole viwili, kama Zamda alivyomshika siku zote wakienda sokoni. Shomari akalia kwa sauti. Akavuta. Mkono ulikuwa wa mtoto, lakini uzito aliouvuta haukuwa wa mtoto, haukuwa wa mtu mmoja. Alikuwa anavuta kitu kilichokaa, kilichokuwa kimeamua kukaa, na gari zima likalia vyuma, na mwanawe akasema kwa taabu, "Baba, kinaniumiza shingo, nitue," na Shomari akavuta tena kwa nguvu zake zote mpaka bega lake likateguka, na Mwanajuma nje, kwa kumsikia mumewe akilia vile, akashindwa kuvumilia, akafungua mlango. Jua likaingia. Shomari akabaki na kiganja kitupu.

Mwanajuma alijipiga kifua mpaka wanawake wakamshika. Hakuna aliyemlaumu. Angefanya nini?

Ya tano ni tindo na nyundo. Hiyo si njia ya fundi, ni njia ya aliyeshindwa. Kwa mkono mmoja mzima Shomari alikikata kifuniko chote pembeni, cheche zikiruka, akakitupa chini. Buti likabaki wazi juani, bati tupu. Tulisubiri. Hatukusikia kitu. Tukaelewa kwamba likibaki wazi hivyo hatutamsikia tena kamwe, na Mwanajuma ndiye aliyeokota kile kifuniko kilichokatwa, kingo zikimchana viganja, akakirudisha juu ya buti kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama," sauti ikasema, imechoka.

Alasiri masheikh walikuja wakasoma Yasini. Walisoma vizuri, siwadanganyi, mpaka magharibi. Lakini kila walipofika kwenye dua, ndani ya buti waliitikia amina. Aliitikia mtoto. Na nyuma ya mtoto, kwa chini, aliitikia mwanamume. Sheikh mkubwa akafunga msahafu akasema hili si la kwao, aitwe Mzee Mfaume wa Itetemia.

Mzee Mfaume alifika kesho yake asubuhi kwa baiskeli, suruali imebanwa na pini za nguo, uso umekunjwa kama aliyeamshwa bure. Babu yake alikuwa ametangulia mbele ya misafara hadi Bagamoyo, na mambo ya njia ile aliyajua yeye tu. Hakugusa gari. Alichuchumaa mbali nalo akauliza, "Wangapi humo?"

"Mtoto wangu," Shomari akasema.

"Sikukuuliza wa nani. Wangapi?"

"Tumesikia wawili."

Mzee akatikisa kichwa. "Mpagazi akifa njiani mzigo wake hauachwi. Anatwikwa mwenzake. Huyu alifia kambini nao kichwani, wenzake wakakimbia, hakuna aliyemtua. Basi kilichokaa ndani ya ule mzigo kikamshika huko huko. Ni jini la mzigo, halina nyumba, halina kisima, lina shingo ya mtu tu. Wenyeji walilijua. Wakaliegemeza kwenye mti likadhani bado lipo safarini, likatulia. Nyie mkalilaza chali kama gunia."

"Si mimi niliyelilaza."

"Kwani linajua?"

Shomari akauliza swali la kifundi, maskini, maana hakuwa na jingine. "Linafunguliwaje?"

"Umefungua mara ngapi?"

"Tano."

"Umeona nini?" Mzee akakohoa. "Acha kufungua, mwanangu. Lenyewe linataka kichwa. Adhuhuri ikifika, saa ile ile aliyolipokea mtoto, upige magoti hapo nyuma, uweke ngata kichwani, useme nitwike. Litakuja kwako. Mmoja atatoka."

"Mwanangu."

"Nimesema mmoja."

"Yupi, mzee?"

Ule ukali wote ukamtoka Mzee Mfaume usoni. "Hilo sina uwezo nalo," akasema polepole. "Ningekuwa nao ningekwambia."

Mwanajuma alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani akachukua kanga yake, ile aliyombebea Zamda mgongoni, akaisokota ngata, akaja akamwekea mumewe kichwani.

Jua lilipofika utosini Shomari alipiga magoti. Hata kuku hawakuparura. Akasema nitwike, mara moja tu. Tukaona kifuniko kile kilichokatwa kikiinuka bila mkono, nyuma ya gari ikiinuka, ikiinuka, huku shingo ya Shomari ikizama kati ya mabega, kichwa kikisogea mbele, uti wa mgongo ukilia kama mti unaopasuliwa, jasho likimtiririka mpaka mchanga chini yake ukalowa, na hapakuwa na kitu juu yake, wallahi hapakuwa na kitu ila kanga ya mkewe na jua. Halafu kifuniko kikaanguka pembeni, na ndani ya buti, amekaa, amekumbatia magoti, alikuwamo Zamda.

Vigelegele vilipigwa hadi stesheni. Mwanajuma alimnyakua mtoto, akamnusa, akamlamba machozi, akacheka kicheko cha mtu aliyepoteza akili kwa furaha. Mzee Mfaume alikaribishwa chai, akasema amechelewa. Alipanda baiskeli yake bila kumtazama mtoto hata mara moja.

Shomari hakuweza kuinua kichwa. Shingo ilikuwa imekaa vile na ikabaki vile; tangu siku hiyo alitazama ardhi tu. Kwa hiyo, wakati sisi sote tuliokuwapo tulikuwa tunautazama uso wa Zamda, yeye peke yake alitazama miguu. Zamda alikuwa na kovu la msumari kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Miguu iliyosimama mbele yake haikuwa na kovu. Ilikuwa midogo, ya mtoto wa miaka saba, lakini nyayo zilikuwa ngumu na visigino vimepasuka kwa kina, vimejaa vumbi jekundu la njia ndefu. Mkewe alikuwa anacheka, angemwambia nini?

Silasi alikuja na watu wengine, wakalivuta gari, jepesi kabisa, na habari zake zikaishia hapo.

Mambo madogo Mwanajuma aliyaona akayafumbia macho. Mtoto alikula matonge makubwa, haraka, amechuchumaa. Usiku hakulala chini, aliegemea ukuta. Alipotumwa maji alitembea mbele moja kwa moja, haongei na wenzake, hageuki nyuma. Mwanajuma alisema ni hofu, itamwisha.

Siku ya tisa alikunja kanga zake, akaziweka kwenye kasha alilopewa alipoolewa, akafunga kifuniko.

"Mama," Zamda akaita ndani ya kasha. "Bado tunatembea."

Mwanajuma akageuka. Zamda alikuwa mkekani, anakula. Akafungua kasha. Kanga, udi, kimya. Akafunga.

"Mama, nitue."

Shomari alisikia akaja akipapasa ukuta, akashika kasha, akaanza kulia. Na mtoto aliye mkekani, bila kuacha kutafuna, akasema kwa sauti ya Zamda, "Usimfungulie, baba. Atachoka mwenyewe."

Tangu hapo ilikuwa hivyo. Chochote kilichofungwa katika nyumba ile kilikuwa na mtoto wao ndani. Sanduku la vyuma, debe la unga, kabati. Shomari akaacha kazi, maana kila kufuli aliloletewa lilimwita baba. Waliacha kila kitu wazi, hata sufuria hazikufunikwa, panya wakafanya sherehe. Wapitaji walishangaa nyumba isiyo na kifuniko. Mzee Mfaume alifuatwa Itetemia mara tatu; mara tatu wakaambiwa hayupo, na mara ya tatu baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa pale pale mlangoni.

Na kwa nini wasiache wazi moja kwa moja, wapumzike? Muulizeni mwanamke yeyote aliyezika watatu. Kila siku saa sita Mwanajuma alikaa chini, akafunga kasha, akaweka sikio. Alizungumza na mwanawe kidogo, akamwimbia, akamuuliza amekula nini. Kisha asipoweza kuvumilia tena kile kilio, alifungua. Mwaka mzima. Mtoto wa mkekani akarefuka, akanenepa. Mtoto wa kashani akabaki na sauti ile ile ya miaka saba, ila kila mwezi inapungua nguvu, mpaka akaacha kusema mama. Akawa anasema neno moja tu, nitue, na hakuwa anamwambia mama yake. Alikuwa anamwambia yeyote.

Mwanajuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. Aliweka ngata kichwani mara ngapi, akapiga magoti mara ngapi, akasema nipe mimi, nitwike mimi! Haikuwa. Mzigo ulikuwa kwa mumewe tayari. Huyu wa ndani alichokosa ni mtu wa kumpokea, na mama yake hakukubaliwa. Kwa nini, sijui. Labda kwa kuwa mtoto alimpokea mgeni, ilibidi naye apokewe na mgeni. Mwanajuma aliwaza hilo siku nyingi, na hakumwambia mtu.

Jirani yao ukutani alikuwa Paskazia, mama wa Kisukuma aliyehamia mjini baada ya kunyang'anywa shamba, mwenye binti mmoja, Minza, miaka sita. Minza alivaa ndala zisizolingana, moja ya bluu na moja nyekundu. Mtoto mwenye adabu sana.

Siku hiyo Shomari alikuwa amekaa kwenye kigoda chumbani, shingo chini kama kawaida. Alimsikia mkewe akisema mlangoni, kwa ule upole wake, "Minza, mama, karibu ndani. Zamda anakuita mcheze."

Aliziona ndala zikivuka kizingiti. Bluu, nyekundu. Zilipita mbele yake, zikasimama karibu na kasha. Aliiona miguu ya mkewe nyuma ya mtoto. Kisha akasikia kifuniko cha kasha kikifungwa taratibu, kwa uangalifu, ili kisimshtue mtoto.

Angeweza kusema. Shingo ilikuwa imevunjika, si ulimi. Jina lenyewe fupi, Minza, toka. Alifungua mdomo, na ndani ya kasha mwanawe akasema, kwa sauti iliyobaki kidogo sana, "Mwenzangu, shingo inaniuma. Nitue."

Shomari akafunga mdomo. Machozi yake yakaanguka sakafuni, kwenye sehemu ndogo ya dunia aliyokuwa bado anaiona, na pale mbele yake visigino vya Minza vikanyanyuka taratibu kutoka kwenye ndala.